Kwa mnaoanza kazi kwenye meza ya ruleti

Wadogo zangu mlioajiriwa kasino hapa Malindi, kulizungusha gurudumu na kurusha gololi kwa upande wa kinyume mtazoea kwa wiki moja. Litakalowatoa jasho ni hesabu. Nambari moja hulipa 35 kwa 1, mstari baina ya nambari mbili 17, pembe ya nambari nne 8. Gololi imetua 17: mzee wa Kitaliano ana chipu (vidonge vya kuchezea badala ya pesa) tatu juu yake na mbili kwenye mstari wa 17 na 20. Mlipe 139, tena upesi, kwani macho yote yako mikononi mwako. Mimi jedwali la 35 nililikariri ndani ya tuktuk, kwenda na kurudi, mpaka dereva akaniuliza kama nina mtihani.

Mtaulizwa ujanja uko wapi. Haupo. Nafasi ni 37, kuanzia 0 hadi 36. Weka shilingi mia kwenye kila moja: zitakutoka 3,700, zitarudi 3,600. Hiyo mia ndiyo mshahara wenu. Mchezo ni wa Wafaransa, na jina lenyewe ni "kigurudumu". Paris waliucheza tangu miaka ya 1790, kwa sufuri mbili. François na Louis Blanc, mtu na ndugu yake, ndio waliotoa sufuri moja mwaka 1843 huko Homburg, Ujerumani, ili wavute wateja. Wamarekani wamebaki na zote mbili, na yao hunyonya zaidi.

Kuna mgeni atakayeandika nambari kwenye karatasi usiku kucha. "Nyekundu mara sita, sasa ni nyeusi tu!" Kwenye kasino ya Monte Carlo mwaka 1913 nyeusi ilitoka mara 26 mfululizo, na watu wakizidi kumwaga pesa kwenye nyekundu. Gololi haina kumbukumbu. Lakini usibishane naye, wala usimwitikie.

Nyumbani je? Mama yangu, mtu wa swala tano, miaka miwili alijua nafanya kazi "hotelini". Hapo sina ushauri.

Ukiondoka mezani, piga kofi moja, geuza viganja juu na chini kamera ione. Siku ya tatu nilisahau. Nilipekuliwa mpaka soksi. Na mifuko ya suruali ya kazi hushonwa, kwa hiyo beba nyingine ya kurudia nyumbani, ama nauli utaishika mkononi.