Unakwenda kongamano la redio ya ridhaa kwa mara ya kwanza? Ingia ukumbini na swali lenye namba

Wengi wanaokwenda kongamano la redio ya ridhaa, yaani la watu wanaoendesha vituo vyao vya redio kwa kupenda na si kwa biashara, kwa mara ya kwanza huingia langoni, wakaziona meza zilizojaa transiva (redio za kutuma na kupokea) zilizotumika, kebo na milingoti ya antena, na siku yao ikaishia hapo. Siwashangai. Kifaa unakishika, unakigeuza, unauliza bei, roho inasuuzika. Ila nakuomba meza uziache hadi mchana. Mambo yatakayobadilisha kituo chako yanazungumzwa kwenye kumbi za mihadhara, na mhadhara ukishapita umepita. Transiva uliyoikosa leo utaikuta kwingine. Mtu aliyehangaika miaka na kelele za umeme kwenye masafa ya chini, akapata dawa yake, na sasa yuko mbele yako akisubiri kuulizwa, huyo si wa kila siku.

Kabla hujatoka nyumbani, tayarisha kitu kimoja: swali la kituo chako mwenyewe, lenye namba. Nalisisitiza hili kuliko mengine yote.

Sikiliza maswali yanayoulizwa baada ya mhadhara wa antena. Mmoja anasimama: "Antena yangu haifiki mbali, nifanyeje?" Mtoa mada hana pa kushika. Atajibu kwa adabu, iinue juu kidogo, kagua viungo, na muulizaji ataketi akiwa pale pale alipokuwa. Mwingine anasimama: "Nina dipole ya bendi ya mita 20, iko mita 4 kutoka ardhini. Kebo ni RG-58, mita 30. SWR inasoma 1.3. Jioni kelele hupanda hadi S7, na vituo vya mbali sivisikii kabisa." Hapo ukumbi mzima unaamka, kwa sababu nusu ya jibu imo ndani ya swali.

Tulichambue. Dipole ni antena ya waya inayolishwa katikati, RG-58 ni aina ya kebo ya antena, SWR ni kipimo cha jinsi antena inavyopatana na redio, na S ni ngazi za nguvu ya ishara kwenye mita ya redio. Dipole ya bendi ya mita 20, yaani megahezi 14, ina urefu wa takriban mita 10 kwa jumla. Gawanya 143 kwa masafa katika megahezi, utapata mita zako. Ili itupe mawimbi kwa pembe ya chini, yale yanayokwenda mbali, inataka iwe juu ya ardhi kwa kiasi hicho hicho, yaani karibu mita 10. Ikiwa mita 4 tu, sehemu kubwa ya nguvu hupanda juu badala ya kuelekea upeo wa macho. SWR ya 1.3 haituambii lolote kuhusu hilo. Mzigo bandia wa omu 50, kifaa cha majaribio kinachomeza nguvu badala ya kuirusha, husoma 1.0 safi, na hakuna anayeusikia hata nyumba ya pili. Wageni wengi huishika SWR kama matokeo ya mtihani, ikiwa nzuri basi antena imefaulu. SWR inasema tu kwamba nguvu imekubaliwa kuingia. Imekwenda wapi baada ya hapo ni swali lingine.

Kelele ya S7 ndiyo yenye uzito zaidi. Kila hatua ya S ni desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha tofauti ya nguvu), kwa hiyo kituo kinachokufikia kwa S5 kiko desibeli 12 chini ya kelele yako, na kwa sauti ya kawaida hutakipata hata ukiweka sikio kwenye spika. Mtoa mada mzuri atakuuliza papo hapo: umewahi kuzima swichi kuu ya nyumba na kusikiliza kwa betri? Kelele ikishuka, chanzo kimo ndani ya kuta zako. Washa vifaa kimoja kimoja hadi umpate mkosaji. Mara nyingi ni chaja ya simu, taa ya LED, au kigeuzi cha umeme wa jua. Kelele isiposhuka, inatoka nje, na hapo unahitaji kipokezi cha mkononi na miguu ya kutembea. Kazi hii unaifanya jioni moja bila kununua chochote, na ingawa umekuja kuuliza habari za antena, kisikie kituo chako kwanza ndipo uipandishe.

Hiyo kebo nayo ina jambo lake. Mita 30 za RG-58 kwenye megahezi 14 zinavumilika. Kebo hiyo hiyo ukiipeleka kwenye megahezi 144, inapoteza karibu desibeli 6: ukiingiza wati 50, zinazofika kwenye antena ni kama 12. Hatari yake ni kwamba SWR itaonekana nzuri zaidi, kwa kuwa nguvu inayorudi nayo inaliwa na kebo ikiwa njiani kurejea. Ndiyo maana nasema taja urefu na aina ya kebo kila unapouliza, hata kama hukuulizwa.

Mihadhara ya wauzaji na watengenezaji ipo, na sina ubaya nayo. Wengine ni mafundi hodari kuliko sisi sote. Ukisikia antena inasifiwa kwa desibeli kadhaa za ongezeko, inua mkono uulize kwa upole: desibeli juu ya kipi? Namba inayolinganishwa na dipole na ile inayolinganishwa na antena ya kinadharia inayotupa sawasawa pande zote zinatofautiana kwa 2.15, na kipeperushi huchagua kubwa. Asiye na jibu la swali hilo, ondoka ukatafute ukumbi mwingine. Kuondoka katikati si utovu wa adabu katika makongamano haya. Watu huingia na kutoka. Kaa tu karibu na mlango kama unajua utaondoka, na redio ya mkononi iwe imezimwa au ina kisikio.

Mhadhara wa uenezi wa mawimbi humpotea mgeni haraka, kwa sababu unaanza na madoa ya jua na kuishia kwenye grafu. Jiandae kabla. Jioni kadhaa kabla ya kongamano, weka redio yako kwenye megahezi 14.100 usikilize vinara vya kimataifa. Ni vituo 18 vilivyotawanywa duniani, vikipokezana kwa sekunde 10 kila kimoja, mzunguko mzima ukiisha kwa dakika 3. Kila kimoja hutuma alama yake ya wito, yaani jina lake la hewani, kwa msimbo wa Morse na kistari cha kwanza kwa wati 100, kisha kistari cha wati 10, cha wati 1, na cha mwisho kwa sehemu moja ya kumi ya wati. Si vyote huwa hewani kila wakati, lakini vinatosha. Kuna kimoja Kenya, 5Z4B, na kingine Afrika Kusini, ZS6DN. Andika saa, kituo, na kistari cha mwisho ulichokisikia. Ukisikia kistari cha wati 1 kutoka bara jingine, nywele zitakusimama, na hutamwamini tena anayekuambia huwezi kufika mbali bila kikuza nguvu.

Ukiingia ukumbini na karatasi hiyo mfukoni, grafu zinaanza kusema. Juu angani kuna matabaka yenye chaji ya umeme yanayoathiri mawimbi. Tabaka la D huyameza masafa ya chini mchana, ndiyo maana megahezi 7 na 3.5 hufunguka kwa mbali jua likizama. Tabaka la F hurudisha masafa ya juu jua linapokuwa na nguvu, na nguvu hiyo hupanda na kushuka kwa mzunguko wa takriban miaka 11. Mzunguko wa sasa, wa 25, ulianza Desemba 2019. Yote haya yameandikwa kila mahali, lakini yakikutana na saa ulizoziandika kwa mkono wako hutayasahau.

Kumbi za dijitali hujaa. FT8, njia ya kubadilishana ujumbe mfupi kwa kompyuta na redio, iliyotolewa mwaka 2017 na Joe Taylor, mwenye Nobel ya fizikia ya mwaka 1993, pamoja na Steve Franke, imeleta watu wengi hewani wakiwa na wati chache na waya mfupi, na naifurahia kwa hilo. Nenda, ila sikiliza kinachoelezwa chini ya skrini. Kwa nini mawasiliano yanasomeka yakiwa desibeli 20 chini ya kelele? Kelele hiyo hupimwa kwenye upana wa hezi 2,500 wakati ishara yenyewe ina upana wa kama hezi 50 tu, na kila ujumbe hupewa karibu sekunde 13 ndani ya zamu ya sekunde 15. Kwa nini kompyuta yako haisomi chochote ilhali maporomoko ya ishara, picha yake inayoteremka kwenye skrini, unayaona? Angalia saa yake. Ikipotoka zaidi ya sekunde moja au mbili, unapiga kelele peke yako. Na kwa nini jirani yako wa masafa analalamika? Sauti unayoingiza kwenye transiva imezidi, ishara yako inatapakaa. Mambo matatu hayo yakielezwa vizuri, mhadhara umekulipa.

Sasa ukumbi ambao mara nyingi huwa mtupu: ule wa kanuni na wigo wa masafa. Nitaupigania huu. Umoja wa kimataifa wa waendeshaji wa redio ya ridhaa, IARU, uliundwa Paris mwaka 1925, na unaigawa dunia katika kanda 3 kama zile za ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano; Afrika, Ulaya na Mashariki ya Kati zimo Kanda ya 1. Kwa miaka mingi, waendeshaji wa Kanda ya 1 na ya 3 walikuwa na kilohezi 100 tu kwenye bendi ya mita 40, na juu yake vilikaa vituo vikubwa vya utangazaji vikinguruma usiku kucha. Mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio wa mwaka 2003 uliamua watangazaji waondoke kati ya kilohezi 7,100 na 7,200, na waliondoka Machi 2009. Ukizungusha kitufe leo usiku na kumsikia mtu akizungumza kwa utulivu kwenye 7,150, kuna watu waliokaa vikaoni miaka wakibeba nyaraka ili hilo liwezekane. Mwaka 2015 ilipatikana sehemu ndogo ya bendi ya mita 60, kuanzia kilohezi 5,351.5 hadi 5,366.5, kwa nguvu ndogo. Vikao hivyo vinaendelea, na wanaovihudhuria kwa niaba yako ndio wanaozungumza kwenye ukumbi ule wenye viti vitupu. Wanahitaji kujua unatumia nini na unasumbuliwa na nini. Karatasi yako ya kelele ya S7 ina thamani pale pia.

Kwenye mada za dharura, chagua mtoa mada anayekuonyesha ujumbe halisi. Desemba 2004, tsunami ilipopiga visiwa vya Andaman na Nikobar, timu ya waendeshaji kutoka India iliyoongozwa na Bharathi Prasad ilikuwa Port Blair kwa shughuli ya kawaida ya kuwasiliana na dunia, ikageuka kiungo cha kupeleka habari za watu hadi bara. Simulizi kama hiyo husisimua, nami hunigusa kila nikiisikia. Ila wewe uliza: ujumbe uliandikwaje, nani aliuthibitisha, betri zilichajiwa na nini, mtu alikaa kwenye maikrofoni saa ngapi kabla ya kupokewa? Majibu ya hapo ndiyo utakayoyatumia siku umeme wenu ukikatika na mtu akakushika mkono akitaka habari za ndugu yake.

Machache ya haraka. Vaa alama yako ya wito mahali panaposomeka, na kama bado huna leseni andika jina lako tu, hakuna atakayekudharau. Wakongwe huzungumza kwa vifupisho, QRM, QSB, QRP. Wakatize uwaulize, wengi hufurahi. Mada mbili zikigongana, gawaneni na mwenzako kisha mbadilishane daftari. Usipige picha kila slaidi, utazikusanya na hutazifungua. Andika namba, na jina la kipimo kilichotumika kuzipata.

Mhadhara ukiisha, usikimbie. Mtoa mada hufungasha waya zake taratibu, na hapo ndipo husema yale ambayo hayakuingia kwenye slaidi: ferrite (kizuizi cha kelele kwenye kebo) aliyoijaribu ikashindwa, fundo lililokatika kwenye upepo, kipimo kimoja ambacho mpaka leo hakielewi. Msaidie kubeba, umuulize. Mweleze pia utakwenda kupima nini ukirudi nyumbani, uombe njia ya kumfikia. Kisha wiki hiyo hiyo pima kweli, swichi kuu ikiwa imezimwa na ikiwa imewashwa, dipole ikiwa mita 4 na ikiwa mita 8, saa ile ile ya jioni, umtumie namba zako zote, hata zile zinazopingana na alichosema.