Nijiandikishe daraja gani kwenye hoki ya barafuni?

SWALI: Nina miaka 38. Nateleza kwenye barafu huu mwaka wa pili, na mazoezi ya hoki nimeyaanza miezi minane iliyopita. Fomu ya ligi ya watu wazima inataka niseme kama mimi ni anayeanza, wa kati au mzoefu. Nina kasi na shuti kali. Nijiweke wapi?

JIBU: Ndugu yangu, kasi na shuti ningevitazama mwisho kabisa. Karibu kila mtu ana kasi akienda moja kwa moja bila kukabwa. Wachezaji hutofautiana pale mchezo unapogeuka ghafla.

Anza na kusimama. Nenda mbio, kisha simama papo hapo ukielekeza kifua kushoto, rudia kulia. Wengi wana upande mmoja tu. Mwenye upande mmoja hulazimika kuzunguka duara kubwa ili arudi, na akimaliza kuzunguka, wapinzani wameshafika golini kwake. Halafu teleza kinyumenyume, na ugeuke kutoka mbele kwenda nyuma bila kupunguza mwendo, pande zote mbili.

Sasa chukua gongo la hoki na kile kisahani cha raba kinachochezwa badala ya mpira. Mwombe mwenzako asimame mbele yako akibadilisha idadi ya vidole anavyoonyesha, nawe uvitaje kwa sauti huku ukikokota kisahani. Hili ndilo jaribio ninaloliamini kuliko yote. Ukilazimika kutazama chini kila mara, wewe bado ni anayeanza hata kama shuti lako linatikisa nyavu, kwa sababu hutamwona wa kumpa pasi wala anayekujia. Mgongano wa makusudi hukatazwa kwenye ligi nyingi za burudani, lakini wa bahati mbaya unaumiza vilevile.

Pumzi nayo ipime. Zamu nzuri uwanjani, kabla ya kutoka kumpisha mwenzako, ni kama sekunde 45 za kujituma kweli. Anayekaa dakika mbili kwa kawaida anatembea. Kanuni, kama ile ya kuotea kwenye mstari wa buluu, yaani unapoanzia eneo la kushambulia, zisikutie hofu, utazizoea.

Majina ya madaraja yasikubabaishe. Marekani na Kanada ligi nyingi hutumia herufi, A ikiwa ya juu, ila D ya uwanja mmoja inaweza kuwa sawa na C ya mwingine. Katazame mechi ya daraja unalolifikiria, umfuatilie mchezaji wa kawaida, wala si nyota wao. Je, ungeweza kumkaba?

Kwa miezi minane, mimi ningekuandika anayeanza, isipokuwa majaribio hayo yote uyapite bila kusita. Wala usijishushe makusudi ili ufunge mabao: unawanyima wanaojifunza nafasi ya kugusa kisahani. Mwandikie mratibu yale unayoyaweza na usiyoyaweza, mfano "upande wa kulia sisimami", kisha omba mazoezi ya siku moja na timu. Neno "wa kati" peke yake halimwelezi kitu.