Kwa nini watu wanaiangalia sanamu yako halafu wanapita

Mkuu umesema sanamu yako ina kamera, maiki na sensa (vifaa vya kuhisi) za umbali kibao ila watu wanasimama kidogo wanaondoka. Mi nafanya hizi sanamu za kujibu watazamaji muda sasa, na kwa ninavyoona shida haiko kwenye idadi ya sensa, shida mtu hajui kama imemwona YEYE au inajichezea tu.

Cheki Senster, sanamu ya msanii Edward Ihnatowicz, iliyokuwa Eindhoven Uholanzi kuanzia 1970 hadi 1974. Dude la chuma la zaidi ya mita 4, linaendeshwa kwa haidroliki (nguvu ya mafuta yaliyogandamizwa), viungo vimeigwa kwenye gando la kambakoche, na kompyuta yake ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti chache mno, simu yako inaizidi mbali sana. Maikrofoni 4, rada 2, basi. Ukiongea taratibu shingo inakusogelea, ukipiga kelele au ukijitupatupa inarudi nyuma. Sheria chache hivyo tu na watu wakaona ni kiumbe hai, kwa sababu kila mmoja alipata jibu la alichofanya yeye.

Kitu cha kwanza ninachopima ni kuchelewa. Sanamu ikijibu ndani ya milisekunde 100 hivi mtu anahisi ni yeye kaisogeza, ikifika nusu sekunde anapunga mkono tena na tena halafu anaachana nayo. Ila data ya kamera huwa inarukaruka, ukiipeleka moja kwa moja kwenye mota sanamu inatetemeka kama mtu mwenye homa, inabidi uilainishe, na kulainisha nako kunaongeza kuchelewa, hapo ndo kazi yenyewe ilipo. Mi huwa nagawa, kitu chepesi kijibu papo hapo, mfano taa ndogo kuwaka au kichwa kugeuka kidogo, halafu mwili mzito ufuate taratibu. Mtu akishapata lile jibu la kwanza anakuwa na subira.

Kamera weka ya infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) yenye taa zake, mwanga wa ukumbini ukibadilika haikusumbui, ila ziba jua la dirishani maana nalo lina infraredi nyingi.

Halafu watu wakiwa wengi usichukue wastani wa mienendo yao, hapo hakuna anayejiona. Msanii Rafael Lozano-Hemmer kwenye Pulse Room, kazi yake ya 2006 ya chumba chenye balbu nyingi, alilimaliza hili vizuri sana, unashika kishikio, balbu ya karibu inawaka kwa mapigo ya moyo wako, ukiachia mapigo yako yanahamia balbu inayofuata na ya waliokutangulia yanasogea mbele. Mmoja mmoja, na kila mtu anaacha kitu chake pale.

Kwako ningezima sensa zote nibaki na moja, nikae pembeni niangalie watu. Tuwekee video, na utuambie kamera inasoma fremu (picha) ngapi kwa sekunde, mara nyingi kuchelewa kunaanzia hapo.