Bataneti na maboga ya kienyeji kwenye kiwanja kimoja: kipi huchanganyika na kipi

Ndugu uliyeuliza kutoka Goba kama bataneti zako (yale maboga madogo yenye umbo la peasi) zitaharibika kwa kuota kando ya maboga ya kienyeji, na kama matango ya jirani nayo yanahusika: matango yaondoe kabisa katika hesabu. Tango, tikiti maji na boga ni jenasi (makundi ya spishi za karibu) mbalimbali, na chavua (unga wa maua dume) ya mmoja haimzalishi mwenzake. Mung'unye nao haumo. Maua yake ni meupe na hufunguka jioni, ilhali ya boga ni ya njano, hufunguka alfajiri na kusinyaa kabla ya adhuhuri.

Vinavyochanganyika kwa urahisi ni vya spishi moja, na hapo ndipo umbo la tunda hupotosha wengi. Bataneti ni Cucurbita moschata, zukini (boga refu linaloliwa likiwa changa) ni Cucurbita pepo, na maboga ya kienyeji yanaweza kuwa moschata au Cucurbita maxima. Usitazame rangi wala ukubwa, tazama kikonyo, yaani kijiti kinacholishikilia tunda kwenye mmea. Cha maxima ni cha mviringo, kinene na chepesi kama kizibo cha chupa ya mvinyo. Cha moschata ni kigumu, kina pembe tano, na hutanuka pale kinaposhikana na tunda. Cha pepo kina pembe kali na hakitanuki sana. Ndiyo maana ninapotafuta boga la mbegu Kariakoo silichukui lililokatwa kikonyo, hata likiwa zuri namna gani.

Kwa hiyo, maboga yako yakiwa maxima, hatari ni ndogo mno: spishi hizi mbili huweza kuzaa chotara, lakini kwa shida, na wataalamu huwatengeneza makusudi ili wawe mashina ya kupandikizia matikiti na matango. Yakiwa moschata, nyuki watachanganya bila shaka. Hata hivyo bataneti utakazovuna msimu huu zitakuwa bataneti kamili, kwa kuwa nyama ya tunda hujengwa na mmea mama. Mchanganyiko umo ndani ya mbegu, na utauona ukizipanda tena.

Ukitaka mbegu safi, chavusha kwa mkono, maana viwanja vyetu haviruhusu kutenganisha mimea kwa kilomita nzima. Jioni, tafuta ua jike, lenye kiboga kidogo chini yake, na maua dume mawili ya aina ileile, yote yakiwa yameanza kuwa na njano kwenye ncha bila kufunguka. Yabane kwa vibanio vya nguo. Asubuhi na mapema chuma madume, ondoa petali, paka chavua katikati ya ua jike, kisha libane tena na ufunge uzi wa alama kwenye kikonyo.

Tahadhari moja ni ya zukini: mbegu zake zilizochanganyika na vibuyu vya mapambo vya pepo huweza kuzaa matunda machungu yenye sumu ambayo kupika hakuiondoi. Onja kipande kibichi kwa ncha ya ulimi. Kikiwa kichungu, tema na utupe tunda lote.