Minestrone Yangu ya Kwanza Ilimwagwa

Juzi dada mmoja wa Tabora ameniandikia. Amepika minestrone, ile supu nzito ya Kitaliano ya mboga na maharagwe, mara tatu, na mara zote tatu imemtokea maji kivyake, mboga kivyake. Mara ya mwisho mumewe akauliza kama kuna mgonjwa ndani. Niliusoma ujumbe ule nikiwa kwenye basi na kifua kikanibana, maana minestrone yangu mimi haikuishia kwenye swali. Iliishia kwenye sinki.

Mapishi nitayatoa, dada, ila nivumilie nisimulie kwanza.

Nilitoka Mombasa nikaja Genova, mji wa Italia, kumtunza bibi wa miaka 87. Kupika nilijiona nimefuzu. Mama aliuza mbaazi na mahamri barazani tangu mimi sijajua kusoma, na mbaazi za nazi hakuna wa kunifundisha. Kwa hiyo Jumapili ya tatu, binti yake bibi alipokuja na wageni akasema wanataka minestrone, sikuuliza hata neno moja. Nikatazama picha kwenye simu, nikaona maharagwe na mboga, nikasema hii naiweza.

Maharagwe sikuyaloweka. Nikayabandika pamoja na nyanya tangu mwanzo, na ule ukali wa nyanya huyazuia kulainika. Masaa mawili yakapita, bado yanagonga mwiko kama kokoto. Nikafanya tufanyavyo kwetu tukibanwa na wakati: nikatia magadi, na nikatia kwa woga, yaani mengi. Maharagwe yakapasuka, mchuzi ukawa na ladha ya sabuni. Nikaongeza maji ili niipunguze.

Binti alionja kijiko kimoja. Akainuka, akabeba sufuria nzima, akaimwaga kwenye sinki wageni wakitazama. Akanigeukia: "Kwani Afrika hamjui maharagwe?" Miaka 9 imepita na bado nausikia ule mlio wa punje zikigonga chuma.

Usiku ule bibi aligonga mlango wangu kwa bakora yake. Hakusema pole. Alisema kesho asubuhi niende sokoni, akanitajia cha kununua. Toka siku hiyo, mwezi mzima, aliketi kwenye kiti cha jikoni akinielekeza kwa ncha ya bakora ile ile. Maneno yake yalikuwa matatu tu. "Punguza moto." "Ngoja." "Bado."

Jambo la kwanza alilonikataza ni kukaanga. Sehemu nyingi za Italia supu huanza kwa kitunguu, karoti na seleri kwenye mafuta, lakini minestrone ya Genova kwa asili haikaangwi. Mboga zinaingia mbichi kwenye maji, na mafuta ya zeituni yanamiminwa juu. Sisi tuliozoea kitunguu kiwe chekundu ndipo kitu kingine kiingie, hapo mkono unawasha. Uzuie.

Kwa watu 6, chukua maharagwe makavu gramu 250. Wao hutumia ya madoadoa yaitwayo borlotti. Kenya, rosecoco yanakaribia. Yaloweke usiku kucha, uyamwage maji yale, uyachemshe kwa maji mapya bila nyanya na bila magadi. Toa punje moja, ifinye kati ya gumba na kidole cha shahada. Ikisagika yote bila kubaki kiini kigumu, yameiva. Ikibaki na kiini, ngoja.

Ndipo uingize mboga: viazi 3, karoti 2, kitunguu 1, bua la seleri, bilinganya 1, zucchini (courgette) 2, konzi ya mishiri (maharagwe mabichi ya maganda), robo ya kabichi na fungu la spinachi. Zote kata ndogondogo, isipokuwa viazi viwili, hivyo viache vizima. Maji yazifunike mboga na kuzidi kidogo tu. Dada wa Tabora, naamini hapa ndipo unapokosea: unajaza maji kama unachemsha mifupa. Moto uwe mdogo, sufuria inong'one, karibu masaa mawili. Vile viazi vizima vikilainika, visage kwa mwiko kwenye ubavu wa sufuria, na upawa mmoja wa maharagwe uyasage vilevile. Huo ndio uzito wa minestrone. Unga wa ngano hauhusiki. Bibi alikuwa akisimamisha kijiko katikati ya sufuria na kukiachia. Kikianguka, anasema "Bado."

Ganda la parmigiano, jibini yao ngumu, alikuwa hatupi. Analikwangua upande wa nje kwa kisu, analiosha, analitumbukiza humo supuni tangu mapema. Linatoka laini, linavutika kama makongoro, na supu inakolea. Ndiyo maana chumvi utie mwisho. Kama jibini hiyo huna, usiweke nyingine laini badala yake, pika bila. Mwishoni tia pasta ndogo gramu 150 (wao wana moja waiitayo bricchetti, iliyo kama vijiti vya kibiriti), ikiiva zima moto.

Sasa pesto, lile rojo la rihani linalotiwa supuni mwishoni. Siku ya pesto bibi alinisogezea kinu cha marumaru na mchi wa mti, akaanza kunieleza namna ya kuushika mchi. Nikamwomba anipishe. Nikasaga kitunguu saumu na chumvi ya mawe, zikafuata mbegu za msonobari, kisha konzi mbili za majani ya rihani, nikizungusha mchi ubavuni badala ya kutwanga. Rihani ile kwetu tunaitia kwenye kikuba pamoja na asumini, tunavaa usiku wa harusi. Harufu ilipopanda nikamwona mama yangu waziwazi, na machozi yakanitoka. Nilipoinua uso, bibi alikuwa ameilaza bakora sakafuni. Hakuiinua tena siku hiyo.

Malizia kwa parmigiano na pecorino (jibini ya maziwa ya kondoo) za kukuna, na mafuta ya zeituni. Kwetu msonobari wa kula hakuna, basi saga korosho mbichi. Pesto inaingia moto ukiwa umezimwa. Ukiichemsha inageuka rangi na harufu inapotea.

Mwaka jana nilijua jambo ambalo laiti ningelijua Jumapili ile. Maharagwe haya ya Italia yalitoka Amerika, baada ya safari za 1492. Kabla ya hapo Warumi walikula kunde, na kunde asili yake ni Afrika. Hadi leo kandokando ya ziwa Trasimeno, huku huku Italia, wanalima kunde ndogo wanazozithamini sana. Afrika hatujui maharagwe!

Dada zangu mnaopika kwenye majiko ya watu, nasema nanyi sasa. Kosa likiwa lako, likubali. Langu lilikuwa haraka na kiburi cha kutouliza, nalikubali mbele yenu. Lakini anayemwaga chakula chako asimwage na akili yako. Kesho yake rudi jikoni, washa moto mdogo, uliza. Yule binti hakuniomba radhi hata siku tulipomzika mama yake, nami nimeacha kungoja. Kinu ninacho mimi. Bibi alisema nipewe.

Dada, Tabora borlotti usizitafute, tumia kunde. Hazihitaji usiku kucha, masaa machache ya kulowekwa yanatosha, na zinaiva mapema, basi zichungulie mapema. Itakayobaki usiiongeze maji kesho yake hata ikiganda. Hapa Genova wakati wa joto huila ikiwa imepoa kabisa, hivyo hivyo na uzito wake, na mafuta kidogo ya zeituni juu.