Maua ya birika la fedha

Ndugu uliyeuliza kama maua ya birika la nyanya yako yaligongwa kwa nyundo: ingiza kidole ndani. Ukikuta vishimo vinavyofuata maua, fedha ilisukumwa kutoka ndani. Ufundi huo ni ripuse. Halafu linganisha maua mawili. Ya mkono hutofautiana kidogo. Ya mashine ni pacha.

Pale shingo ilipo nyembamba, fundi huingiza chuma kirefu kilichopinda, akagonga mkia wake nje, ncha ikadunda ndani. Kisha hujaza birika lami ili kuegemeza fedha, na kunyoosha mistari ya maua kwa nje. Hata mafundi wetu wa jua kali hapa Kisumu wangeiheshimu kazi hiyo. Tafadhali, usilisugue kwa waya wa sufuria!