Kamusi ya data ikikaa Excel itakudanganya

Mkuu, umeuliza kama maelezo ya kolamu za databesi yenu uyaweke kwenye Excel au mnunue programu ya kamusi ya data, yaani ya kueleza kila kolamu ina maana gani. Msinunue kitu kwanza. Excel nimekaa nayo miaka, ngoja nikwambie ilikonifikisha.

Nilikuwa SACCOS moja, tunatumia MySQL, programu ya databesi. Jedwali la mikopo lilikuwa na kolamu inaitwa hali, namba tu: 1 ombi, 2 umeidhinishwa, 3 umelipwa wote. Excel iliishia hapo. Ndani ya data kuna 9, mikopo mia mbili na kitu. Mhasibu anasema hiyo imefutwa, aliyeunda mfumo ameshahama, mkaguzi anakuja kesho. Kumbe 9 ni mkopo uliohamishiwa kwa mdhamini, yaani bado unadaiwa! Nusura niitoe yote kwenye hesabu.

Wala haukuwa uvivu. Aliyeongeza 9 aligusa mfumo na databesi. Faili lililo kwenye kompyuta ya mtu mwingine angelikumbuka saa ngapi? Ndipo nikahamishia maelezo ndani ya MySQL yenyewe:

ALTER TABLE mikopo MODIFY hali TINYINT NOT NULL DEFAULT 1 COMMENT '1=ombi, 2=umeidhinishwa, 3=umelipwa wote, 9=umehamishiwa mdhamini';

Kolamu moja inabeba maelezo hadi herufi 1024, jedwali 2048. Mysqldump, programu ya bakapu ya MySQL, inayachukua, kwa hiyo ukirudisha bakapu yanarudi nayo.

Sasa mtego wenyewe. MODIFY inaandika upya ufafanuzi wote wa kolamu. Mwenzangu alitaka kupanua namba tu, akaandika MODIFY hali SMALLINT, akapiga enta. Maelezo yakafutika, NOT NULL (inayokataza kuacha kolamu tupu) ikaondoka, DEFAULT 1 (inayoweka 1 usipoandika kitu) nayo ikaondoka, na MySQL haikulalamika hata kidogo. Baada ya siku mbili afisa mikopo anauliza mbona hakuna maombi mapya. Yapo, yameingia na NULL, yaani tupu, orodha yake inatafuta 1. Tangu hapo, kabla ya MODIFY naendesha SHOW CREATE TABLE, inayoonyesha ufafanuzi wote wa jedwali, nanakili mstari mzima wa kolamu, nabadilisha neno ninalotaka tu. (Wa PostgreSQL, databesi nyingine, mna nafuu: COMMENT ON COLUMN ni amri ya peke yake, ukibadili aina ya kolamu maelezo yanabaki.)

Mabadiliko yote yapite kwenye faili la SQL ndani ya Git, inayotunza historia ya kila badiliko. Kuingia phpMyAdmin (ukurasa wa kusimamia MySQL kwenye kivinjari) ya seva kuu na kurekebisha "kidogo tu" tulipiga marufuku, na mimi ndiye niliyekuwa sugu. Kila usiku inakimbia hii, inatafuta kolamu zisizo na maelezo ndani ya information_schema, orodha ya MySQL yenyewe ya majedwali na kolamu:

SELECT TABLE_NAME, COLUMN_NAME FROM information_schema.COLUMNS WHERE TABLE_SCHEMA='saccos' AND COLUMN_COMMENT='';

Mara ya kwanza ilimwaga kolamu zaidi ya elfu moja. Usijaribu kuzijaza zote, utaishia kuandika "tarehe ya kuzaliwa" chini ya tarehe_kuzaliwa. Anza na kolamu za namba zenye maana ya siri, kisha za pesa: kiasi ni pamoja na riba au bila?

Na kama bado mko MySQL 5.7, hameni. Huko ufafanuzi wa jedwali unakaa pia kwenye mafaili ya .frm nje ya InnoDB, sehemu ya MySQL inayohifadhi data, umeme ukikatika katikati ya ALTER vinaweza kupishana. Kuanzia 8.0 kamusi yote ya MySQL yenyewe, yaani ufafanuzi wa majedwali, iko ndani ya InnoDB.

Mhasibu wetu bado anataka Excel yake. Namtolea kutoka information_schema kila Jumatatu, na akiandika kitu humo Jumatatu inayofuata kimefutika.